Matokeo Madogo na Mlango wa Uuguzi

Hotuba aliyoitoa Sheikh mbele ya mkutano wa mwaka wa Jumuiya, Jinja, Uganda

 

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango kama watu walio tayari kuondoka:

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), nawashukuru wakuu wa Jumuiya kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya elimu ya vijana wetu. Elimu ni bahari, nami sina chombo cha kuivuka yote. Kwa hivyo nitashika jambo moja tu, ambalo kila mwaka huniletea wageni barazani.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, hunijia mzazi pamoja na mtoto, aghalabu binti, ijapokuwa siku hizi wavulana pia wamo. Mtoto alikuwa ametia nia ya kuwa muuguzi au mkunga, na karatasi aliyoishika haipendezi. Mzazi huniuliza moja katika maswali matatu. Wa kwanza husema, "Sheikh, si heri tumwoze?" Wa pili husema kwa sauti ya chini, "Sheikh, yupo mtu Kampala asema kwa fedha kadha wa kadha atamwingiza, tumpe?" Wa tatu, nao ni wachache, husema, "Sheikh, iko njia?" Mimi leo nataka kumjibu huyu wa tatu. Wawili wale watapata majibu yao humo humo.

Lakini kwanza yupo mwulizaji wa nne, asiyekuja barazani bali husema nyumbani: kwamba uuguzi si kazi ya binti wa Kiislamu, kwani humtia katika kuwagusa wanaume wasio maharimu wake na kumkesha nje ya nyumba. Huyu namjibu kwa historia. Madina, katika zama za Mtume mwenyewe, alikuwapo bibi aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, na hema lake la kutibia majeruhi lilikuwa ndani ya msikiti. Sa'd bin Muadh, bwana wa Aus, alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, hakupelekwa kwingine ila kwake. Ar-Rubayyi' binti Muawwidh naye ametuhadithia jinsi wanawake walivyotoka vitani kuwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Wanazuoni wameyategemea hayo katika kujuzisha mwanamke amtibu mwanamume panapokuwa na haja. Basi asiyetaka binti yake asome uuguzi na aseme kuwa yeye hataki, asimsingizie Mtume.

Tena nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wazee. Hapa Uganda hospitali ya Mengo ilifunguliwa na wamisionari mwaka 1897, na baada ya Vita Kuu ya kwanza Bibi Katharine Cook akaanzisha Namirembe mafunzo ya wakunga. Wazee wetu walijizuia kupeleka watoto katika shule za misheni kwa kuchelea wasibatizwe, na hofu yao haikuwa ya bure. Illa hofu hiyo ilizaa jambo jingine: wake zetu walizalishwa, na wagonjwa wetu wakauguzwa, na mikono ya watu wengine, nasi tukashukuru. Marehemu Mwana-mfalme Badru Kakungulu alipoitoa ardhi yake pale Kibuli kwa ajili ya mambo ya Waislamu, aliyajua haya. Leo Kibuli kuna msikiti, kuna shule, kuna hospitali, na kuna chuo cha wauguzi na wakunga. Na hapa mjini kwetu Jinja kipo chuo cha serikali cha kazi hiyo hiyo, ambacho watoto wetu hupita mbele yake kila siku wakienda sokoni. Mlango hauko mbali. Kilichobaki ni karatasi ya matokeo.

Basi na tuisome karatasi hiyo, kwa maana wengi hawaisomi, huitazama tu.

Nitawapigia mfano wa mabinti wawili waliofanya mtihani kwa hesabu ya zamani. Hesabu ile ilikuwa hivi: kila somo lilipewa namba toka 1 hata 9, 1 ndiyo bora, na 9 ni kuanguka. Yakajumlishwa masomo manane aliyoyafanya vizuri zaidi, na jumla ikiwa ndogo ndiyo sifa. Binti wa kwanza alipata jumla ya 36. Nyumbani kwao akachinjiwa kuku. Binti wa pili alipata jumla ya 52, na kwao hapakuwa na kuku wala mazungumzo. Wote wawili walitaka uuguzi. Mwenye 36 alikataliwa, mwenye 52 akakubaliwa. Watu wakasema pana rushwa.

Wallahi hapakuwa na rushwa. Chuo cha uuguzi kwa ngazi ya cheti hakiulizi jumla peke yake. Chauliza masomo matano: Kiingereza, Hesabu, Baiolojia, Kemia na Fizikia. Yule mwenye 36 alikuwa hodari wa historia, dini, jiografia na sanaa, lakini Fizikia alipata 9. Na kwa kuwa hujumlishwa yale manane mazuri tu, 9 yake haikuonekana katika jumla; ilijificha nje kama mwizi nyuma ya ukuta. Yule mwenye 52 hakuwa hodari wa kitu chochote, masikini, lakini katika yale matano hakuanguka hata moja. Mzazi aliyetazama namba ya chini ya karatasi hakuona lolote katika hayo.

Siku hizi hesabu imebadilika. Mtaala mpya ulianza mwaka 2020, na waliofanya mtihani wa kwanza kwa mtaala huo ni wale wa mwaka 2024, matokeo yao yakatoka Februari 2025. Sasa kila somo hupewa herufi, toka A hata E, wala hapana jumla tena. Wapo wazazi waliolalamika kuwa hawajui kama mtoto wao amefaulu au la. Mimi nasema mabadiliko haya yamewafaa watoto wa uuguzi, kwa kuwa yamemlazimisha mzazi asome somo moja moja. Chukua karatasi, weka kidole juu ya yale matano, uangalie herufi. Kisha chukua tangazo la chuo, usome ni herufi ipi inayotakiwa katika kila somo, kwani vyuo havilingani, na tangazo la mwaka jana si la mwaka huu. Usimwulize jirani. Jirani atakwambia la mwanawe.

Ukiisha kufanya hivyo, mtoto wako atakuwa katika moja ya hali mbili. Huenda yale matano yamefikia kiasi kinachotakiwa, ingawa karatasi nzima haina uzuri. Huyu na aombe, tena aombe vyuo vitatu au vinne, si kimoja. Vyuo vya serikali hugombaniwa na watu wengi, na wenye alama kubwa hutangulizwa. Lakini viko vyuo vilivyoundwa na hospitali za dini, yetu na za wenzetu, navyo vinatambuliwa na serikali sawasawa. Ajiandae pia kwa mahojiano, maana humo ndimo mwenye alama ndogo apatapo nafasi ya kuonekana yeye mwenyewe. Ataulizwa kwa nini ataka kazi hii. Akijibu kwamba mama ndiye aliyemwambia, amekwisha.

Ama huenda limo somo moja au mawili yaliyoanguka. Huyu hana budi arudie, na hapa nataka vijana mnisikilize. Kurudia si aibu, lakini kwa utaratibu wa sasa si jambo la kulala ukaamka mwezi wa mtihani. Kazi zifanywazo darasani katika miaka ya mwisho huhesabiwa sehemu 20 katika 100, na mtihani wenyewe sehemu 80. Kwa hivyo atakayerudia na aende mapema kwa mwalimu mkuu wa shule aulize ataandikishwaje na kazi zile zitahesabiwaje, kabla hajatoa hata shilingi moja. Mwaka mmoja katika umri wa mtoto wa miaka kumi na saba si kitu.

Sasa nasikia mtu ananong'ona: kwani Fizikia na Hesabu zina kazi gani kwa mtu wa kufunga vidonda? Mbona wasimwonee huruma? Swali hili nililipeleka kwa muuguzi mmoja mwanamke wa mtaa huu, mwenye miaka mingi katika kazi, naye akanionyesha kwa kalamu. Nami, niliyesoma chuoni kwa masheikh na madarasa ya msingi tu, nilifahamu. Basi nanyi mtafahamu.

Akaniambia: ipo dawa ya maji ya watoto, ambayo ndani ya kila mililita 5 mna miligramu 125 za dawa. Daktari ameandika mtoto apewe miligramu 250. Ni mililita ngapi? Jibu ni 10. Muuguzi akikosea akatia 20, amempa mtoto maradufu ya alichoandikiwa; akitia 5, amempa nusu, na ugonjwa utaendelea huku mama akidhani mwanawe anatibiwa. Kisha akaniambia: mgonjwa ameandikiwa chupa ya maji ya lita moja ipite mshipani kwa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Yahesabu matone ya dakika moja. Lita moja ni mililita 1,000, basi ni matone 20,000; saa 8 ni dakika 480; gawanya, utapata karibu matone 42 kwa dakika. Hapo pana usiku, pana usingizi, pana wagonjwa wengine wanaoita, na mashine ya kuhesabu huenda haipo. Akanitazama akasema, "Sheikh, ungependa ahesabu nani?"

Nikanyamaza. Nawaambieni, huruma ya kumwonea mwanafunzi asiyejua hesabu ni ukatili kwa mgonjwa asiyejua kuwa muuguzi wake hajui.

Lakini pia nilifikiri jambo jingine nikiwa njiani kurudi. Hawa watoto wanaosema hesabu za sehemu haziwaingii, si ndio hao hao wanaosoma kwetu mirathi? Mtu amekufa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita. Tafuta namba inayogawika kwa nane na kwa sita: ni 24. Mke atwaa 3, mama 4, na mtoto hubakiwa na 17. Nina wanafunzi wa kike madrasani waifanyao hesabu hiyo kichwani, tena hunisahihisha mimi nikichelewa. Mtoto wa namna hiyo akipata herufi mbaya ya Hesabu shuleni, mimi siamini kwamba akili ndiyo iliyopungua. Amekosa mtu wa kumwonyesha kuwa ile thumuni ya mirathi na ile robo ya kidonge ni jambo moja.

Nitarudi hapo. Kwanza niwaeleze ngazi, kwa sababu wengine huvunjika moyo wakisikia neno cheti, wakaliona dogo.

Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na Baiolojia na Kemia nzuri huweza kwenda moja kwa moja kusomea diploma, miaka mitatu. Huyo hana haja na hotuba yangu. Mwenye matokeo madogo ya kidato cha nne huanzia cheti, nacho ni miaka miwili na nusu. Akifaulu mtihani wa taifa, huandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1996, akaruhusiwa kufanya kazi. Akiisha kufanya kazi kwa muda unaotakiwa, hurudi chuoni mwaka mmoja na nusu akatoka na diploma. Kisha mlango wa shahada huwa wazi mbele yake. Ni njia ndefu kuliko ya mwenzake, lakini yafika pale pale, na katikati yake mtu hupata mshahara. Kumekuwa na maneno ya muda mrefu serikalini ya kuiondoa ngazi hii ya cheti. Kwa hivyo mwenye kutaka kuipita asikae akingoja.

Sasa yule mtu wa Kampala.

Sitamtaja, wala si mmoja. Huyu huja na maneno ya namna tatu. La kwanza ni kwamba anamjua mkubwa wa chuo. La pili ni kwamba karatasi ya matokeo "yaweza kurekebishwa". La tatu ni kwamba ipo shule ya miezi mitatu, nguo nyeupe hutolewa siku ya kwanza, wala alama haziulizwi. Mzee mmoja wa upande wa pili wa mto aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba akaipeleka fedha katika shule ya namna hiyo. Binti yake akavaa nguo nyeupe, akapigwa picha, picha ikatundikwa sebuleni. Ulipofika wakati wa mtihani wa taifa ikadhihirika kuwa shule haikuandikishwa, na wanafunzi wake hawana namba ya mtihani. Ng'ombe hawakurudi. Picha ingali ukutani, na nafikiri wameiacha kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kuishusha.

Jueni kwamba Baraza huandikisha wauguzi na wakunga waliosoma katika vyuo vinavyotambuliwa. Anayeitwa msaidizi wa muuguzi, aliyefundishwa kwa miezi mitatu katika chumba nyuma ya duka la dawa, hamo katika daftari hilo, hata akivaa nguo nyeupe kuliko ya wenziwe. Basi kabla ya kulipa, nenda au piga simu uulize kama chuo kinatambuliwa. Ada ilipwe benki katika akaunti yenye jina la chuo, nawe ubakie na risiti. Anayetaka fedha mkononi, mwache na mkono wake mtupu.

Ama karatasi iliyorekebishwa, hilo halina mashauri. Ni uwongo, na ni ushahidi wa uwongo, tena ni uwongo unaoendelea kila mwezi, kwa kuwa kila mshahara utakaoupata umeupata kwa karatasi ile. Baraza huuliza bodi ya mitihani, na siku itakapogundulika, huenda ikawa baada ya miaka kumi, atafukuzwa kazi na atashitakiwa. Lakini mimi siogopi siku hiyo sana. Naogopa siku zilizo kabla yake, pale kitandani, penye matone 42.

Ama wa kumwoza. Ndoa ni sunna, na mwenye kuoa au kuolewa kwa ridhaa yake namwombea kheri. Lakini ndoa inayofungwa wiki ya tatu baada ya matokeo mabaya, ili kuondoa aibu nyumbani, mimi sitakuwa na haraka ya kuifunga. Nitamwuliza binti faraghani, na nitaitaka karatasi ya matokeo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wanaonijua wanajua kuwa nimekwisha kufanya hivyo, na waliokasirika wamekwisha kupoa.

Nimesema nitarudi kwenye masomo, nami narudi kwa kuwaomba ninyi wenye Jumuiya.

Madrasa yetu hukaa tupu toka baada ya sala ya alasiri hata magharibi siku tatu za juma. Yule muuguzi niliyemtaja amekubali kufundisha Hesabu na Baiolojia siku mbili bila malipo, na kijana mmoja mwalimu wa sekondari atasaidia Kemia na Fizikia akilipiwa nauli tu. Tunahitaji ubao mpya, taa, na vitabu vya mitihani iliyopita. Hayo si mamilioni. Wazee wa mji huu, waliokuja na reli na viwanda na kutuachia Kiswahili hiki ninachosema nanyi, walijenga madrasa kwa kuchangishana senti. Darasa liwe la watoto wote wa mtaa, hata wasio Waislamu, kwani nao watatuuguza.

Kuhusu ada, mwanafunzi aliye masikini ni masikini kama masikini mwingine, na Zaka yamfikia. Mwenye mali asiyejua ampe nani, na ampe huyo. Lakini ilipwe chuoni, si nyumbani, ili isije ikawa sufuria na mapazia.

Wavulana nao nisiwasahau. Uuguzi si wa wanawake peke yao, na wagonjwa wanaume wengi hutamani auguzwe na mwanamume mwenziwe, khasa wazee. Mvulana aliyepata alama za kutosha katika yale matano na akaona haya kuomba kwa kuogopa kuchekwa, na aje kwangu, tutacheka sote kisha tutaandika ombi.

Bwana Katibu ameweka daftari mezani karibu na mlango wa kutokea. Wenye watoto wa kidato cha tatu na cha nne waandike majina leo, maana darasa litaanza Jumatatu ijayo, inshallah, mara baada ya alasiri. Waliokwisha kupata matokeo walete karatasi zenyewe, si maneno, tuziweke mezani na matangazo ya vyuo tusome pamoja, mimi na muuguzi wetu na mwalimu. Mwenye karatasi mbaya kuliko zote ndiye atakayeanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.